Mwalimu Aliyelima Dizeli

Kabla ya kuitikia salamu, Mwalimu alinusa. Ulimpa shikamoo, naye aliinua kidevu, akavuta hewa kidogo, kisha akakuambia ulikotoka. "Marahaba. Umepita gereji." Au: "Marahaba. Nguo hiyo imetoka sandukuni, nani anaoa?" Sisi wanafunzi wake pale Lindi tuliiogopa pua ile kuliko fimbo ya mwalimu wa zamu. Aliyevuta sigara nyuma ya vyoo aliweza kuoga, kutafuna majani ya mpera na kuapa, lakini Mwalimu alimwambia tu, "Kaa dirishani, unanieleza mambo ambayo sijauliza."

Alifundisha biolojia, na kemia pia kila mwalimu wa kemia alipohamishwa, jambo lililotokea karibu kila mwaka. Baadaye tukawa majirani katika mtaa wa Rasbura, ua wake na wangu zikitenganishwa na uzio wa makuti ambao kila mmoja wetu aliamini ni wajibu wa mwenzake kuukarabati. Kwa sababu yake nilikwenda chuo kikuu kusoma sayansi. Kwa sababu ya hesabu za mwaka wa kwanza nilihamia fasihi. Alipopata habari alinitazama kwa huruma ya kweli, akasema, "Si neno. Hata maji yasiyonyweka yana kazi yake, yanaogeshea mbuzi." Nimeandika makala magazetini miaka mingi tangu hapo, na sijapata mhakiki aliyenitendea haki kuliko huyo.

Pua ile aliiua mwenyewe, kwa ugoro. Mtu aliyetukataza tusiingize kitu mwilini bila kujua kimeundwa na nini alikuwa na kikopo mfukoni, na kila baada ya kipindi aliingia stoo ya maabara, akatoka macho yamejaa machozi. Alipostaafu, hakuweza tena kutofautisha karafuu na mafuta ya breki. Lakini aliendelea kunusa, kama mtu anayevaa saa iliyosimama kwa sababu mkono umeizoea.

Alikuwa mkali kuhusu mafuta. Mtaani kwetu, mtu akiona siafu humwaga oili chafu mlangoni. Fundi wa pikipiki naye huimwaga kando ya barabara ili vumbi litulie. Mwalimu alimwendea kila mmoja. Alisimama juu ya doa jeusi kama mtu aliyekuta ajali, akauliza, "Sasa hii itakwenda wapi?" Mafundi walimjibu kwamba itazama ardhini. "Ardhini ndiyo wapi?" aliuliza. Wakati huohuo jiko lake la mkaa aliliwasha kwa mafuta ya taa, tena ya kutosha kumuunguza nyusi. Nilipomwonyesha ukinzani huo alisema, "Hayo yanaungua, nimeyaona yakiondoka. Kesi yangu ni ya yale yasiyoaga."

Kauli hiyo ilikuwa na historia yake, lakini kwanza niseme alivyotufundisha, maana bila somo lile habari ya kisima haieleweki.

Siku moja aliingia darasani na kamba na ngata, ile khanga iliyosokotwa duara ambayo wanawake huiweka kichwani chini ya ndoo. Aliviweka mezani. "Mafuta yanayotoka ardhini, dizeli, petroli, ya taa, yote yana kamba na yana ngata," alisema. "Kamba ni kaboni zilizopangana mstari. Mlaji anaanza mwisho mmoja, anatafuna, anamaliza. Haya, ngata hii mwisho wake uko wapi?"

Alimwita kijana mmoja mwenye nguvu aifungue. Yule akaivuta huku na huku, nayo ikazidi kukaza.

"Unaona? Ngata ni kaboni sita zilizoshikana mikono zikawa duara. Ndizo zenye harufu ile kali, na baadhi yake zikikaa mwilini zinaharibu damu. Sasa, bakteria hana mkono wala jino. Ana nini?"

Tuliinamia madaftari.

"Ana hewa," alisema. Akaingiza kidole chini ya ule ukingo wa khanga uliochomekwa ndani, akaulegeza, na ngata yote ikafunguka mezani ikawa kitambaa kirefu. "Anachukua oksijeni, anaichomeka kwenye duara. Duara likishapokea mgeni huyo halikai tena kama lilivyokuwa. Linapasuka, linakuwa kamba, naye anaanza kula. Kinachobaki ni pumzi kama hii mnayotoa mkipiga miayo, na maji."

Mwanafunzi mmoja wa kike, aliyekaa mbele na ambaye leo anafanya kazi maabara huko Dar es Salaam, aliuliza itakuwaje ngata zikiwa nyingi zilizoshonwa pamoja. Mwalimu alifurahi kama aliyeletewa chai. "Zipo. Mbili zilizoshonwa pamoja ni zile tembe nyeupe mnazoweka sandukuni kufukuza nondo. Zipo za tatu, za nne, za tano. Ngata moja inanuka sana na inaliwa mapema. Nne zilizoshonwa pamoja hazinuki hivyo, zinang'ang'ania kwenye tope, na bakteria wanakaa nazo mezani muda mrefu kweli. Ndiyo maana nawaambia, msiamini pua." Haya aliyasema mtu aliyetuhukumu sote kwa pua.

Swali lake la "itakwenda wapi" hakulipata chuoni. Alilipata Kikole, kijiji cha kwao upande wa Kilwa, kwenye kisima kilicho kando ya msikiti, na kwa bibi yake. Nilisikia habari hiyo mara nyingi, kwake na kwa dada yake mkubwa, na wote wawili waliisimulia namna moja.

Wakati wa vita vya Maji Maji, habari zilifika kwamba askari wa Mjerumani wanapanda kutoka pwani wakichoma maghala. Wazee wakaamua wasiwaachie hata maji. Palikuwa na duka ambalo mwenyewe alikwisha kulikimbia, na ndani yake madebe ya mafuta ya taa na pipa la lami. Waliyamimina yote katika kisima chao wenyewe, kisha wakaingia porini. Bibi alisema wanaume waliomimina walilia, kwa sababu kisima hakikuwa kimemkosea mtu.

Vita ilikwisha ikabaki njaa, na njaa ilichukua wengi kuliko vita. Waliorudi walikuwa wachache. Wakakikuta kisima kimezungukwa na magugu, na hakuna aliyethubutu kukigusa. Ndipo mama yake bibi, aliyekuwa amezika watoto porini, akateremsha kibuyu, akanywa. "Nikifa," alisema, "nitakuwa nimekufa nimekunywa." Wenzake walikaa kumtazama mpaka alasiri, hadi yeye mwenyewe akawauliza wanatazama nini na kama hakuna mwenye kazi.

Tangu hapo ikawa desturi. Kila kisima kile kinapochafuka kikafukuliwa upya, mwanamke wa ukoo ule hunywa kwanza, na kijiji humngoja. Wanaita kufungua kisima. Aliyesafisha maji mara ile ya kwanza, kila mtu alikuwa na lake. Wapo waliosema ni dua. Wapo waliosema ile dawa ya vita, iliyoshindwa kugeuza risasi kuwa maji, ilipata kazi nyingine iliyoiweza. Mwalimu akiwa mtoto alimuuliza bibi yake, "Mafuta yalikwenda wapi?"

"Yaliondoka."

"Kwenda wapi?"

"Wewe nani hata yakuage?"

Alisoma biolojia ili kupata jibu la swali hilo, na alipolipata alilishangilia maisha yake yote. Palepale kwenye mchanga walikuwako bakteria wachache wanaoweza kula mafuta, kama vile kila kijiji kina watu wawili watatu wanaokula kitu ambacho wengine hawakigusi. Karamu ilipomwagwa, hao ndio waliozaana. Penye hewa walikwenda mbio. Kule chini kusikofika hewa walikuwako wengine wa polepole, wanaopumulia hata kutu ya mawe. Miaka ile yote watu wakiwa porini na njaa, kisimani kulikuwa na kazi inaendelea. Akifika hapo sauti yake ilipungua. "Babu zetu walikufa kwa kukosa chakula," alisema, "na kisima chao kilikuwa kinakula."

Sasa niseme la zawadi.

Alipostaafu alitaka dada yake apumzike na kuvuta kamba ya kisima. Dada huyo, ambaye Kikole nzima walimwita Mama Mkubwa nami nikamwita vivyo hivyo, alikuwa mjane mrefu mwenye sauti ya chini. Tangu mama yao afe, yeye ndiye aliyekuwa mfungua kisima. Mwalimu alinunua pampu yenye injini ya dizeli, akaijengea kibanda palepale kando ya kisima, akapika pilau, akamwalika shehe asome dua. Mimi nilikuwako. Mama Mkubwa aliitazama injini ikitetemeka, akasema, "Mdogo wangu, kitu hiki kinanuka."

"Hiyo ni harufu ya maendeleo, dada."

"Maendeleo yana kikwapa."

Watu walicheka, na Mwalimu alicheka kuliko wote. Chini ya sakafu ya kibanda, bomba la tangi lilikuwa na ufa. Dizeli ikawa inazama mchangani kidogo kidogo, msimu mzima, wala hakuna aliyejua. Mwenye pua ya kujua alikuwa amekwisha kuimaliza kwa ugoro. Masika ilipokuja maji ya chini yakapanda, yakayapandisha mafuta. Asubuhi moja wanawake waliteremsha ndoo ikarudi na rangi za upinde wa mvua.

Shehe hakuhitaji kitabu. Kwetu kila mtoto wa madrasa anajua kwamba maji yakibadilika rangi, ladha au harufu kwa kuchanganyika na kitu, hayafai tena kutawadhia. Akafunga kisima. Wanawake wakaanza kwenda kijitoni, mbali, na kurudi na maji ya tope. Mama Mkubwa alimpigia ndugu yake simu, akasema maneno machache ambayo Mwalimu alinikariria siku ileile, amesimama upande wake wa uzio. "Amesema: 'Vita haikukiua. Umekiua wewe, tena kwa zawadi.'"

Siku hiyo hakuninusa.

Alifunga nyumba yake ya Rasbura akahamia Kikole. Nilimtembelea mara kadhaa, kila mara nikijiambia nakwenda kumsaidia, na kila mara nikirudi na malengelenge yaliyotokana na kazi ndogo sana. Nilimkuta akilima. Alikuwa ameing'oa injini na tangi lake, akaufukua mchanga wote uliolowa dizeli chini ya kile kibanda, akaupeleka mbali kwenye ukingo wa mikorosho, akautandaza juu ya sakafu ya udongo mfinyanzi uliopigwa ukakaza ili usipitishe kitu chini. Alipanga matuta mafupi. Aliyamwagilia maji kiasi, akayageuza kwa jembe, akangoja siku kadhaa, akayageuza tena. Hakupanda kitu.

Kwa watu wa Kikole, ambao wamezaliwa wakilima, jambo hili lilikuwa burudani. Walipita makusudi.

"Mwalimu, shikamoo. Unalima nini?"

"Marahaba. Nalima walaji."

"Wanavunwa lini?"

"Hawavunwi. Chakula kikiisha, wanatoweka."

"Ahaa. Kama wageni wa arusi."

Mwingine alimwambia mkewe, kwa sauti ya kutosha kufika, kwamba serikali iwe inawaangalia waliostaafu, maana kichwa kikikosa chaki ghafla kinapata baridi. Mwalimu aliendelea kugeuza. Alipenda kuwaeleza kwamba jembe lake linaingiza hewa tu, na hewa ndiyo kile kidole cha kufungulia ngata. Waliitikia kwa adabu, wakaenda kusimuliana.

Walaji wale walihitaji pia mbolea, maana mafuta yana nguvu tele lakini hayana nitrojeni. Ni kama kula sukari tupu. Kwa hiyo aliomba samadi ya mbuzi, ya matuta na kidogo ya kutia kisimani. Shehe aliposikia alikuja mwenyewe.

"Mwalimu, samadi ni najisi. Kisimani haiingii."

"Shehe, ni chakula cha hao wanaosafisha."

"Hata kingekuwa chakula cha malaika. Nimekifunga kisima kwa harufu. Unataka nikifunge na kwa kinyesi?"

Walibishana mpaka jua likawafukuza. Mwishowe shehe, aliyekuwa mkulima mzuri wa mahindi, alirudi nyumbani kwake akaja na mfuko wa mbolea nyeupe ya dukani. "Hii haikutoka kwa mnyama," alisema. "Tia." Mwalimu aliisifu akili hiyo miaka yote iliyofuata. Alisema ni mara yake ya kwanza kuona fiqhi na kemia zikitoka katika mfuko mmoja.

Kisima chenyewe alikitengenezea kazi nyingine, nayo ndiyo iliyowashangaza zaidi. Alijenga kichanja kirefu juu ya mdomo wake. Mtu alichota ndoo, akapanda, akayamwaga maji kutoka juu yarudi kisimani kwa kishindo, yakiteremka na hewa. Kuchota na kurudisha, asubuhi na jioni. Alianza peke yake. Mgongo ukamshinda. Wanawake walimtazama, wakatazamana, wakaanza kumsaidia kwa masimango.

"Mama yangu alinifundisha kuchota nipeleke nyumbani," alisema mmoja. "Huyu anatuchotesha turudishe alikoyaweka Mungu."

"Kwani mumeo mbona kila siku anatoka na kurudi na huulizi?" mwenzake alimjibu.

Mama Mkubwa alikuwa hasemi na ndugu yake. Alimpikia, alimfulia, alimwekea sahani na kugeuka. Lakini kila jioni alikuja na ndoo yake, akapanda kichanja hadi ngazi ya juu kabisa ambayo wengine waliiogopa, na akamwaga kutoka huko.

Harufu ilianza kupungua. Halafu Maulidi yakakaribia, na kamati ya msikiti, kwa nia njema, ikatia klorini. Walijua kazi hiyo. Tangu mwaka wa kipindupindu hakuna mtu wa Kikole asiyejua kwamba kisima kibaya hutiwa klorini. Walitia kwa ukarimu. Baada ya muda dizeli iliyobaki kwenye tope ikarudi kunuka kama siku ya kwanza, maana walaji wote walikuwa wamekufa mezani.

Nilikuwako alipoambiwa. Alikaa ukingoni, akauliza kwa upole, "Nani aliyewafundisha kutia klorini bila kuuliza?"

Mtu mmoja wa rika langu alikohoa. "Ni wewe, Mwalimu. Mwaka ule wa kipindupindu. Ulikuja na ndoo na kijiko, ukatuimbisha na kipimo."

Alifikiri. Akakumbuka. Akacheka mpaka akashika mbavu, na ndipo kwa mara ya kwanza tangu kisima kifungwe dada yake akamwambia neno moja kwa moja. "Hata hilo umelifanya wewe," alisema. "Hubakizi." Kisha akachukua ndoo. Wakaanza upya.

Nimesema alikuwa mkali. Lazima niseme pia alikuwa na majivuno. Alitaka kushinda. Hakupenda kukosea mbele ya watu, na kwa miaka yote niliyomfahamu sikumwona akiomba radhi kwa mdomo; aliomba kwa kukuletea mihogo. Aliniambia siku moja, akichonga mpini wa jembe, kwamba jambo analolitaka ni kumwona dada yake akinywa maji yale tena mbele ya kijiji. "Akinywa, yamekwisha," alisema. "Asiponywa, nitazikwa na jina la aliyefanya lisilofanywa na Mjerumani." Nilitaka kumjibu kitu cha kifasihi. Nashukuru sikukipata.

Siku ikafika. Ilikuwa Ijumaa, na Mwalimu alinipigia simu mapema. "Njoo na pua yako," alisema. "Yangu unaijua." Nilifika na mafua, kama inavyonipasa. Hata hivyo nilinusa. Sikusikia dizeli. Nilisikia ukoka, kamba iliyolowa na jiwe. Wengine wenye pua nzima walinusa, nao wakasema vilevile. Wiki chache nyuma alikuwa amepeleka maji na tope la kisimani kwa yule mwanafunzi wake wa Dar es Salaam, na jibu lilikuwa halijaja. Kijiji hakikuona sababu ya kungoja simu. Kisima ni chao, na pua zipo.

Baada ya sala watu walikusanyika. Shehe alitia maji katika bilauri, akaiinua juani. Rangi hakuna. Akainusa mara mbili. Harufu hakuna. Ladha aliiacha, kwa sababu ladha ni ya mfungua kisima. Mama Mkubwa alivaa khanga mpya. Alishika kibuyu kilekile cha ukoo, kilichofungwa waya pale kilipopasuka, nao wanawake wakamchotea. Niliona uso wa Mwalimu. Ulikuwa uso wa mtoto anayengoja kuitwa jina.

Simu yake ililia hapo. Watu wakamnyamazisha kwa macho. Akaipokea akiwa ameinama.

"Ehe. Marahaba, mwanangu. Ehe. Ngata moja, hakuna. Mbili, hakuna. Nne?" Akaikaza simu sikioni. "Zipo. Za tano pia. Kwenye tope, na kwenye maji pia. Ehe. Nimesikia."

Akaiweka mfukoni. Nilikuwa karibu kuliko wote, nilijua maana yake, na nikajua pia kwamba hakuna mtu mwingine pale aliyejua. Angeweza kunyamaza. Kibuyu kimoja hakimuui mtu mzima. Yeye mwenyewe aliwahi kunieleza kwamba sumu zile ni za miaka, za mwenye kunywa kila siku na watoto wake. Dada angekunywa, watu wangepiga vigelegele, jina lake lingerudi, na kesho yake kila nyumba ingechota.

"Dada," alisema, "usinywe."

Vigelegele vilivyokuwa vimeanza upande wa nyuma vikakatika.

"Hayanuki," alisema mtu.

"Hayanuki. Zinazonuka zimeliwa. Zilizobaki hazinuki, ndizo mbaya za kukaa." Alimgeukia shehe. "Kwa udhu, Shehe, hukumu ni yako. Kwa kunywa, bado."

"Mwalimu amezoea kulima," alisema yule wa wageni wa arusi, na baadhi wakacheka. Mwanamke mmoja alisema kwa uchungu, bila utani, kwamba kijitoni ni mbali na yeye ana mimba, na kama maji ni safi kwa Mungu hajui nani mwingine anaulizwa. Kila mtu alimtazama Mwalimu. Alikuwa mzee, kikopo cha ugoro kikimchora mfukoni.

"Niliyaharibu mimi," alisema. "Sasa mnanisamehe, nami nawaambia msinisamehe bado. Nisamehewe nini, na nyie mnakunywa sumu yangu?"

Mama Mkubwa alikuwa bado ameshika kibuyu karibu na kifua. Alikitazama. Akamtazama mdogo wake muda mrefu, kama mtu anayempima mgeni mlangoni.

"Yule aliyekunywa kwanza," alisema, "hakuwa na ndugu wa kumwambia asinywe."

Akapanda kichanja, ngazi baada ya ngazi, hadi ile ya juu kabisa, khanga yake mpya ikipata kutu ya misumari. Akakinyanyua kibuyu juu ya kichwa, akayamwaga maji yote kisimani. Yalipiga kwa kishindo. Kisha yule mwenye mimba, akisonya, akavuta kamba ya ndoo.

Walifukua tope lote la chini, wakaligeuza matutani pamoja na mchanga; wakachota na kurudisha masika nyingine na kiangazi kingine. Mwalimu hakuweza kukaa hadi mwisho. Kifua kilimrudisha Rasbura, na ndiko nilikomwona mara ya mwisho niliyozungumza naye vizuri, amelala barazani kwake, uzio wetu ukiwa umeanguka kabisa na hivyo umemaliza ubishi.

Nilikuwa nimetoka Kikole siku ileile, na chupa ya maji ambayo Mama Mkubwa aliifunga kwa kitambaa. Nilimwambia kwamba yule binti wa maabara amepiga simu, safari hii kwa dada mtu mwenyewe, akasema hakuna ngata hata moja, si ya nne wala ya tano. Alifumba macho. Akanyoosha mkono apewe chupa, akaifungua, akainusa. Pua ile haikuwa imesikia kitu miaka mingi, nami nilitazama pembeni.

"Nipe bilauri mbili," alisema.

Akayamimina maji kutoka bilauri moja hadi nyingine, mkono mmoja juu kadiri alivyoweza kuuinua, akiyarudisha, akiyamwaga tena. Mengine yalimwagikia shuka.

"Dada amekunywa?"

"Amekunywa. Ijumaa, mbele ya watu wote. Wakamngoja mpaka alasiri."

"Hali yake?"

"Anakutukana. Anasema umemchelewesha, na kwamba maji yamepoa kwa kungoja."

Alicheka, kifua kikamkamata, akangoja kimwachie. Kisha akanywa yote, polepole, akanipa bilauri tupu.